Vita vya Sukari Ndani ya Mwili

Kila mama wa nyumbani ajua jambo hili: muhogo ukianikwa vibaya wakati wa mvua, hazipiti siku nyingi kabla haujashikwa na ukungu. Ukungu ule ni kuvu, ndugu wa uyoga na wa chachu itiwayo katika mkate. Lakini si wote wajuao ya kuwa ndugu hao hutafuta makao hata ndani ya mwili wa mtu. Kila siku twavuta mbegu zao katika pumzi, na hata hivyo walio wengi hatuugui. Kwa nini? Kwa sababu mwili unao askari wake.

Aliyewaona vitani

Mwaka 1884, Elie Metchnikoff, mtaalamu aliyezaliwa katika Dola ya Urusi, alikuwa akichungua kwa hadubini viroboto vya majini. Vidudu hivyo ni vidogo mno, na miili yao yapenywa na nuru kama kioo. Aliona mbegu za kuvu, zenye ncha kama sindano, zikitoboa matumbo yao. Ndipo chembe za mwili zilipozikimbilia, zikazizunguka na kuzila. Chembe zikishinda, kiroboto kilipona, zikishindwa, kilikufa. Mwaka 1908 Metchnikoff alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Sisi nasi tunazo chembe kama hizo: ndizo chembe nyeupe za damu.

Moto wa aina mbili

Askari hapigani bila chakula. Chakula kimoja kikubwa cha chembe ni sukari iitwayo glukozi. Wakati wa amani, chembe nyingi huichoma polepole kwa oksijeni tuivutayo, ndani ya vijiko vidogo viitwavyo mitokondria. Ni kama moto wa gogo: wawaka taratibu. Punje moja ya glukozi hutoa mafungu ya nguvu yapatayo 30.

Lakini kuvu ina ukuta wa sukari iitwayo beta-glukani, ambayo mwili wetu hauitengenezi. Chembe nyeupe ikiugusa ukuta huo, yatambua mara moja: mgeni huyu ni adui! Hapo yabadili moto wake. Yaanza kuvunja glukozi mbio mbio pasipo kungoja oksijeni. Huu ni moto wa majani makavu. Kila punje sasa yatoa mafungu 2 tu.

Je, si hasara? La. Moto wa majani hupata nguvu upesi, na vitani upesi ndio uhai. Tena mabaki ya sukari isiyoungua yote huwa mali ya kutengenezea silaha. Sehemu nyingine ya sukari hupita njia yake, ikisaidia chembe kufanya sumu kali kutoka katika oksijeni ili kumwua adui. Wako watoto wachache wanaozaliwa bila uwezo wa kufanya sumu hiyo. Hao hushikwa kwa urahisi na kuvu ya mapafu iitwayo Aspergillus.

Mwaka 2014, wataalamu wa Nijmegen, Uholanzi, pamoja na wenzao, walieleza jambo la ajabu: chembe zilizokwisha kuonja beta-glukani hudumu katika desturi hiyo ya kuvunja sukari, na adui wa pili akija huzikuta tayari.

Adui naye ana njaa

Kumbe kuvu nayo yapenda sukari ile ile! Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walionyesha hila ya Candida albicans, kuvu iletayo utando mweupe kinywani. Ikimezwa na chembe nyeupe, yachipua nyuzi na kula glukozi kwa pupa. Chembe, ambayo sasa yategemea glukozi, yanyang'anywa chakula chake na kufa kwa njaa.

Basi, tule sukari nyingi? Hasha! Mwenye ugonjwa wa sukari anayo glukozi tele katika damu, lakini askari wake hulegea na kuvu hustawi. Mwaka 2021 huko Uhindi, wagonjwa wengi wa korona, hasa wenye ugonjwa wa sukari, walishikwa na kuvu mbaya ilayo pua na macho. Virusi vya ukimwi navyo huua chembe ziwapazo askari amri. Ndipo kuvu iitwayo Cryptococcus huweza kuingia hata ubongoni. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitaja kuvu 19 za kuangaliwa sana. Candida albicans na Cryptococcus zimo katika kundi la kwanza.

Baba na mama, shikeni haya. Mtoto mchanga akiwa na utando mweupe ulimini, msimkwangue kwa kisu wala msimtafute mchawi: mpelekeni zahanati, dawa iko. Mtu mzima akiupata bila sababu ijulikanayo, apimwe damu, ya ukimwi na ya sukari. Na mwenye virusi vya ukimwi akiumwa kichwa siku kadhaa mfululizo, aende hospitali bila kukawia. Askari wake wamechoka, nao wangojea msaada.