Masika Mbweni: Hesabu ya bodaboda isile mtaji

Miongoni mwa biashara ndogo ndogo ambazo mtu mwenye akiba ya wastani anaweza kuzianzisha jijini Dar es Salaam bila kupanga fremu ya duka, bodaboda ni moja ya zinazovutia zaidi. Mwenye fedha hununua pikipiki, humkabidhi dereva, na jioni hupokea kiasi walichokubaliana, yaani hesabu. Kwa mtazamo wa haraka hakuna biashara nyepesi kuliko hiyo.

Hata hivyo, mvua za masika zinaponyesha kati ya Machi na Mei, wamiliki wengi hugundua kuwa fedha waliyokuwa wakiihesabu kama faida ilikuwa ni mtaji wenyewe unaorudi kidogo kidogo. Pikipiki iliyokuwa ikileta hesabu kila jioni huanza kulala gereji, na kila siku inayolala huko hesabu hakuna, ila fundi anadai na spea zinadaiwa.

Mbweni, wilaya ya Kinondoni, ni mahali pazuri pa kuitazama biashara hii. Eneo hilo, ambalo lisichanganywe na Mbweni ya Unguja, liko pembezoni mwa jiji upande wa kaskazini, kati ya Barabara ya Bagamoyo na Bahari ya Hindi. Mto Mpiji, unaotenganisha Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, unaingia baharini upande huo huo. Nyumba nyingi ziko mbali na barabara kuu, kwa hiyo abiria anayeshuka daladala hutegemea bodaboda au bajaji kufika kwake.

Wakati wa masika soko hilo hubadilika kwa saa. Mvua ikiwa kubwa, abiria mwenye uwezo hukimbilia bajaji yenye paa. Mvua ikikatika na njia za ndani zikajaa matope, bodaboda ndiyo hupita mahali ambapo gari dogo limekwama. Kwa maneno mengine, fedha ya masika ipo, lakini huipata yule ambaye pikipiki yake inawaka asubuhi.

CHUMVI

Katika nchi za baridi kama Uingereza, wakati wa majira ya baridi chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Waendesha pikipiki wa huko huiogopa chumvi hiyo kuliko baridi yenyewe, kwa sababu hula cheni, nati na bomba la moshi. Wengi huziegesha pikipiki zao mpaka majira yabadilike, na wanaoendelea huziosha kwa maji safi kila wanaporudi.

Mbweni hakuna barafu, lakini chumvi ipo mwaka mzima. Huja na upepo wa bahari, na mara nyingi huja pia na maji ya kisima, kwani visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi. Dereva anayetoka kwenye matope na kuipeleka pikipiki ioshwe kwa maji ya namna hiyo hujiona ameitunza, kumbe ameondoa tope na kuacha chumvi. Unyevu wa masika humalizia kazi: chuma chenye chumvi na maji hushika kutu haraka kuliko chuma chenye maji matupu.

Dawa yake ni rahisi. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye bati hayana chumvi ya kisima. Ndoo mbili za maji hayo jioni, kitambaa kikavu, na oili kidogo kwenye nati na nyaya za breki na klachi, ni kazi ya muda mfupi. Mpira wa maji yenye nguvu nyingi nao una hasara yake. Ukielekezwa kwenye beringi za magurudumu au kwenye swichi, husukuma maji ndani mahali ambapo mvua isingefika.

CHENI NA BREKI

Baada ya chumvi hufuata mchanga. Mchanga ukichanganyika na grisi kwenye cheni hugeuka msasa, na kila mzunguko wa tairi husaga meno ya sproketi. Madereva wengi hupaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini kwa sababu haina gharama, lakini oili hiyo imebeba unga wa chuma na masizi. Njia bora ni kuisugua cheni kwa brashi na mafuta ya taa, kuipangusa ikauke, kisha kuipaka oili safi ya giaboksi kwa kiasi kidogo. Kipindi cha mvua kazi hiyo hufanywa kila baada ya siku chache, na si kusubiri mpaka cheni ilie.

Cheni pia isikazwe kupita kiasi. Kwa pikipiki nyingi za biashara, sehemu yake ya katikati inapaswa kucheza kama sentimeta mbili hadi tatu, ingawa kipimo halisi ni kile cha kitabu cha pikipiki husika. Ikifika wakati wa kubadili, cheni na sproketi zote mbili hubadilishwa pamoja. Anayefunga cheni mpya kwenye sproketi iliyolika atanunua nyingine mapema.

Breki za pikipiki nyingi za bodaboda ni za ngoma. Maji yakiingia ndani ya ngoma, breki shuu huteleza na nguvu ya kusimama hupungua. Dereva mzoefu akitoka kwenye dimbwi hubana breki kidogo kidogo akiwa mwendo mdogo mpaka zikauke, ndipo anapoongeza kasi. Pikipiki inayokwenda kilometa 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde, hivyo breki inayochelewa sekunde moja tu inatosha kumfikisha dereva na abiria wake chini ya lori. Dakika za mwanzo za mvua nazo ni za hatari, kwa kuwa mafuta na vumbi vilivyolala juu ya lami huelea na kuifanya iteleze. Tairi kipara, ambalo kiangazi humfikisha dereva nyumbani, masika halina njia ya kuyatoa maji chini yake.

INJINI

Gharama kubwa kuliko zote hutokana na kuvuka maji yasiyojulikana kina. Injini huvuta hewa, na maji yakifikia njia ya chujio la hewa huvutwa nayo. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo pistoni ikiyakuta ndani ya silinda kitu lazima kivunjike au kipinde. Pikipiki ikizima majini, isipigwe kiki. Isukumwe hadi pakavu, plagi ifunguliwe, chujio la hewa na kabureta vikaguliwe, na oili itazamwe. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji na haina budi kumwagwa kabla injini haijawashwa.

Uzoefu wa jiji unaonyesha kuwa tahadhari hiyo ni zaidi ya suala la spea. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na baadhi ya waliopoteza makazi walihamishiwa Mabwepande, katika upande huu huu wa jiji. Katika msimu wa mvua za El Nino, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge Aprili 25, 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua hizo na athari zake. Dereva anayejaribu kuvuka mto uliofurika ili atimize hesabu anaweka rehani kitu ambacho hakuna mmiliki anayeweza kukirudisha.

MAHESABU

Hapo ndipo mwekezaji anapohitaji kalamu na karatasi. Tuchukue mfano wa hesabu ya Sh. 10,000/- kwa siku, siku sita kwa wiki. Machi hadi Mei ni siku 92, na ukiondoa Jumapili zinabaki kama 79. Mmiliki anayepiga mahesabu ya harakaharaka atatarajia Sh. 790,000/- kwa msimu mzima.

Sasa tuseme kati ya fedha hiyo anatenga Sh. 1,500/- kila siku ya kazi kwa ajili ya oili, cheni, breki shuu, plagi na tairi. Kwa msimu atakuwa ametenga Sh. 118,500/-. Kiasi hicho kinaonekana kikubwa, lakini ni sawa na hesabu ya siku 12 tu. Pikipiki ikilala gereji siku 12 kwa injini iliyoingiwa na maji au kwa beringi zilizokufa, akiba yote hiyo imeshapotea, na bado fundi hajalipwa. Isitoshe, sehemu kubwa ya vitu hivyo vingenunuliwa tu baadaye, tena pamoja na vingine vilivyoharibiwa na uzembe.

Wahasibu huita jambo hili uchakavu wa mali. Pikipiki hupungua thamani kila siku inapotembea, na masika hupungua kwa kasi zaidi. Mmiliki anayekula hesabu yote bila kutenga chochote anakula tairi, cheni na injini yake, ingawa mkononi anaona noti.

MAKUBALIANO

Aina ya makubaliano nayo huamua namna pikipiki inavyotunzwa. Dereva wa hesabu tupu anajua kuwa pikipiki si yake leo wala kesho, hivyo hana sababu kubwa ya kusugua cheni saa mbili usiku. Dereva wa mkataba, ambaye pikipiki itakuwa yake akimaliza malipo, huiona mvua kwa jicho jingine. Lakini mkataba uliopangwa kana kwamba mwaka mzima ni kiangazi huzaa ugomvi ifikapo Aprili, dereva anapochelewesha malipo na mmiliki anapotishia kumnyang'anya pikipiki.

Njia ya busara ni pande zote mbili kukubaliana kabla ya mvua kuanza. Kila mwaka, kabla ya Machi, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika, na huo ni wakati mzuri wa kukaa kitako na dereva. Mambo ya kuandikwa ni machache: hesabu ya siku ya mvua kubwa itakuwa nusu au itasamehewa, nani analipia oili na nani analipia tairi, na dereva hatalaumiwa kwa kukataa kuvuka maji. Punguzo la siku hizo ni dogo kuliko bei ya injini, na humwondolea dereva sababu ya kucheza na maisha yake.

Kuhusu bima, mmiliki asijidanganye. Bima ndogo, ambayo ni ya lazima kisheria, hulipa madhara waliyopata watu wengine. Pikipiki yake iliyozama haimo. Anayetaka kinga hiyo aulizie bima kubwa, na asome kama mafuriko yametajwa kabla hajatia saini.

Baada ya hapo kinachobaki ni daftari. Mmiliki aandike tarehe ya kubadili oili, siku cheni ilipofungwa, siku pikipiki ilipolala na sababu yake. Misimu miwili ikipita, daftari hilo litamwambia kama ana biashara au ana mzigo. Wahenga walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mwenye pikipiki habari hiyo hufika mwezi wa Aprili.