Moshi Unaobaki Mwilini: Afya ya Askari wa Zimamoto Mkoani Singida

Lori la mafuta likipinduka kwenye barabara ya Manyoni kuelekea Singida, mtu mwenye busara hukaa mbali. Mkasa wa Msamvu, Morogoro, wa tarehe 10 Agosti 2019, uliochukua maisha ya watu zaidi ya 100, haujasahaulika. Askari wa zimamoto hana hiari hiyo. Kazi yake ni kwenda kule kunakoungua. Nako Singida kwenda huko ni safari: mkoa una takriban kilomita za mraba 49,000, na kutoka mjini hadi Manyoni pekee ni zaidi ya kilomita 100.

Zamani vikosi vingi vya zimamoto vilikuwa mali ya halmashauri. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 iliweka jeshi moja chini ya Kamishna Jenerali, katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mkoa una kamanda wake, na namba ya dharura, 114, ni moja nchi nzima. Swali la nani anayeamuru limepata jibu. La afya ya anayeamriwa bado linahitaji mkono wa zahanati na hospitali.

Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya kuzima moto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku na asbesto. Ushahidi ulikuwa thabiti kwa saratani ya kibofu cha mkojo na ile ya utando unaozunguka mapafu. Sumu haiingii kwa pumzi tu. Masizi hupenya ngozini, hasa shingoni, na hubaki katika mavazi ya kazi. Ndiyo maana mavazi hayo hayafai kupelekwa nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za watoto.

Kwetu mkojo wenye damu huhesabiwa haraka kuwa kichocho. Mara nyingi ni kweli. Lakini mgonjwa akiwa askari wa zimamoto, au mstaafu wa kazi hiyo, tiba ya kichocho isifunge faili lake: achunguzwe kibofu. Hilo halitafanyika ikiwa hakuna aliyemuuliza kazi yake, na kadi nyingi huandikwa umri na kijiji tu.

Hatari nyingine huonekana siku ileile. Askari aliyetoka katika jengo lililojaa moshi akilalamika kichwa na kichefuchefu huenda amevuta kaboni monoksaidi. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba gesi hiyo na ile iliyobeba oksijeni, hivyo kitaonyesha 98 na muuguzi atatulia. Asitulie. Mgonjwa apewe oksijeni kwa barakoa papo hapo, kabla hata ya kupangwa rufaa.