Je, Mkristo Akate Rufani?

Mwezi uliopita mama mmoja wa usharika wetu alitujia akilia. Mumewe amehukumiwa kifungo cha miezi sita na Mahakama ya Mwanzo kwa wizi wa mbuzi, naye asema hakumwiba. Jamaa walikuwa wamemwambia mama yule, "Nyamaza, Mkristo hashindani na wakubwa." Basi twaona yafaa tuliandike jambo hili, maana si nyumba yake peke yake inayolihitaji.

Kwanza tukumbuke habari za mtume Paulo. Huko Filipi alipigwa na kutiwa gerezani pasipo hukumu. Walipotaka kumtoa kwa siri alikataa, mpaka wakubwa waje wenyewe. Tena huko Kaisaria, liwali Festo alipomwuliza kama atakubali kuhukumiwa Yerusalemu, Paulo alitaka shauri lake lifike kwa Kaisari. Hakutukana mtu wala hakukimbia. Aliifuata njia iliyowekwa na sheria. Kukata rufani si uasi.

Zamani njia hiyo ilikuwa nyembamba kwa watu wa Tanganyika. Kwa sheria ya mabaraza ya wenyeji ya mwaka 1929, rufani zilipanda kwa Bwana Shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Hazikufika Mahakama Kuu. Ndiyo kusema, mtawala ndiye aliyekuwa mwamuzi. Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliyotungwa mwaka 1963 iliziunga ngazi zote pamoja, na leo Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 13, yaitambua haki ya kukata rufani.

Utaratibu ni huu. Aliyehukumiwa katika Mahakama ya Mwanzo hupeleka rufani yake kwa maandishi Mahakama ya Wilaya, katika muda wa siku 30 tangu hukumu. Na aombe mapema nakala ya hukumu. Aeleze sababu zake moja moja: kwamba shahidi wake hakusikilizwa, au ushahidi haukutosha, au adhabu yapita sheria. Siku zikimpita aweza kuomba aongezewe muda, lakini sharti awe na sababu njema. Uzembe si sababu. Naye aliyekiri kosa mwenyewe hana rufani ila juu ya adhabu. Kwa hiyo, ndugu, usikiri usilolitenda kwa hofu, au kwa kutaka mambo yaishe upesi.

Mahakama ya Wilaya yaweza kuithibitisha hukumu, kuibadili, kuitengua, au kuamuru shauri lisikilizwe upya. Asiyeridhika ana siku 30 nyingine za kwenda Mahakama Kuu.

Lakini rufani haimtakasi mwongo. Aliyeiba na atubu, amrudishie mwenziwe mali yake. Asiye na kosa asinyamaze, akalea uchungu moyoni na kumchukia hakimu maisha yake yote. Kunyamaza kwa namna hiyo si uvumilivu.

Tulimwuliza mama yule siku ngapi zimepita. Akahesabu kwa vidole: 22. Jioni ile ile tukaketi naye tukaandika, na asubuhi akaipeleka karatasi gerezani mumewe aitie sahihi. Shauri halijasikilizwa bado. Tuwaombee wote wawili, na mwenye mbuzi, na hakimu pia, ili kweli ionekane.