Jeshi la Plastiki na Tarihi Yake

Bila shaka umewahi kuwaona watu wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda chini ya mti. Hakuna anayeuliza kile kifuniko kilizaliwa wapi au kinalipiza kisasi cha nani. Kinakula, kinaliwa, basi. Lakini kuna mchezo mwingine wa mezani ambao wachezaji wake huuliza maswali hayo hayo kwa bidii ya mtahiniwa, na wapo wanaotumia miezi mitatu kuyajibu kabla hawajatupa dadu hata mara moja. Huo ndio ninaotaka kuueleza hapa, kwa sababu naamini mwanachama yeyote wa chama chetu anayeweza kuandika insha ya kubuni anaweza kuucheza vizuri kuliko watu wengi walio na pesa za kuununua.

Mchezo wenyewe unaitwa Warhammer 40,000. Ulitolewa mwaka 1987 na kampuni ya Kiingereza iitwayo Games Workshop, na aliyeuandika ni bwana mmoja, Rick Priestley. Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1975 na siku hizi makao yake yako Nottingham. Usidhani wao ndio wa kwanza kupiganisha vinyago. H. G. Wells, yule mwandishi wa hadithi za kisayansi, alichapisha kanuni zake za vita vya mezani mwaka 1913 katika kitabu kiitwacho Little Wars. Hawa wa Nottingham walichofanya ni kuipeleka vita mbele hadi milenia ya 41, angani, kati ya sayari na sayari. Askari ni wa plastiki, urefu wao sentimita tatu hivi. Unawaunganisha kwa gundi, unawapaka rangi kwa brashi nyembamba kama sindano, unawapanga mezani kati ya vilima na kuta zilizobomoka, kisha unapima mwendo wao kwa tepu na kuamua bahati yao kwa dadu. Mimi niliujua kupitia kwa binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliyerudi kutoka masomoni Uingereza na sanduku zima. Yeye huchezesha Orks, viumbe wa kijani wapendao fujo. Mimi nina askari wa kawaida wa binadamu, wale walioitwa Imperial Guard na ambao tangu 2014 kampuni huwaita Astra Militarum.

Sasa utauliza, tarihi ya nini? Kwani vinyago haviwezi kupigana bila kuzaliwa? Vinaweza. Ila sanduku langu na la mtu wa Leeds ni moja, sura zile zile, bunduki zile zile. Kinachofanya jeshi liwe langu ni habari zake. Na waliotunga mchezo huu waliacha nafasi makusudi. Dola ya binadamu humo ina sayari kama milioni moja, na zilizotajwa kwa majina ni chache mno. Wale mashujaa wakubwa wenye deraya, Space Marines, wako katika makundi kama elfu moja, kila kundi watu kama elfu moja, na mengi hayana habari yoyote iliyoandikwa. Hata majeshi 20 ya mwanzo kabisa, mawili yamefutwa katika kumbukumbu na hakuna aliyeambiwa sababu. Mwenye kalamu anapoona tundu kama hilo, mate si humdondoka!

Wengi huanza na jina na rangi. Mimi nasema anza na dadu. Hebu tazama hesabu hii. Space Marine akipigwa risasi ya kawaida, deraya humwokoa dadu likionyesha tatu au zaidi. Yaani katika mara sita anapona mara nne. Askari wangu huokolewa kwa tano au sita tu, yaani mara mbili katika sita. Basi tayari kanuni zimekwisha kukusimulia nusu ya hadithi. Wale ni wachache, hawafi ovyo. Hawa wangu ni wengi na wanakufa kama kumbikumbi. Ukiandika katika tarihi yako kwamba rejimenti yako ya binadamu "haijawahi kushindwa tangu kuumbwa kwa nyota", raundi ya kwanza tu mpinzani atakufagia na kukucheka. Debe tupu haliachi kuvuma. Andika jeshi ambalo hesabu hiyo ni sehemu ya maisha yake: watu wanaojua kwamba wawili kati ya watatu hawatarudi, na bado wanaenda. Kwa nini wanaenda? Ukijibu swali hilo moja kwa ukamilifu umemaliza kazi kubwa.

Mfano bora ninaoujua ni wa askari wa sayari ya Krieg, waliobuniwa na wenye mchezo wenyewe. Ukiwatazama wamevaa makoti marefu na vinyago vya kuzuia gesi, kama wale wa mahandaki ya Ulaya mwaka 1914 hadi 1918. Mtu mvivu angesema tu, "wamevaa hivyo kwa sababu inapendeza." La hasha! Tarihi yao inasema sayari hiyo iliasi dola. Kanali mmoja mtiifu, Jurten, akaamua kuipiga nchi yake mwenyewe kwa mabomu ya nyuklia kuliko kuiacha mikononi mwa waasi. Vita vikaendelea miaka 500. Hewa ikawa sumu, ndiyo maana ya vinyago usoni. Na walionusurika wakalelewa kuamini kwamba wamezaliwa na deni la dhambi ya mababu, ndiyo sababu hawarudi nyuma. Umeona? Chanzo ni kimoja tu, nacho kimezaa mavazi, tabia na namna ya kupigana mezani.

Hatuhitaji kwenda Krieg kujifunza ufundi huu, kwa maana pwani yetu ina tarihi za miji tangu zamani. Tarihi ya Kilwa husimulia kwamba Ali bin Hasan alitoka Shirazi kwa jahazi, akainunua Kilwa kwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Wanahistoria wa leo wanabisha mengi humo, nao wana haki yao. Lakini mtunzi wa jeshi na aitazame ile nguo. Haisemwi "alikuwa tajiri sana", inasemwa nguo, na imepimwa kwa kisiwa. Msikilizaji hasahau. Au mchukue Fumo Liyongo, shujaa ambaye mkuki haukumpata, ila sindano ya shaba ya kitovuni, tena mkononi mwa mwanawe wa kuzaa. Akafa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Jeshi lisilo na sindano yake halisisimui. Kabla hujaandika ushindi hata mmoja, andika kitu kinachoweza kuliua jeshi lako, na aliye nacho awe mtu wa karibu.

Langu linaitwa Rejimenti ya Tisa ya Mtungi. Mtungi ni sayari niliyoibuni, kavu, yenye visima vichache vya kina kirefu, ambako maji hugawanywa kwa mtungi kila alfajiri mbele ya mashahidi. Katika mchezo huu kila sayari hulipa kodi kwa dola, na mara nyingi kodi hiyo ni watu. Wakipandishwa katika merikebu za angani aghalabu hawarudi kwao tena. Kwa hiyo nikaamua kwamba siku ya kuondoka kila askari hupewa kichupa cha maji ya kisima cha nyumbani, na ni mwiko kuyanywa. Anayekufa, mwenziwe humwagia maji yale kifuani. Ukitazama vinyago vyangu utaona kila mmoja ana kichupa kiunoni, maana ndivyo vilivyotoka kiwandani. Mimi nimekipaka buluu, na hiyo ndiyo buluu pekee katika jeshi zima. Yaliyobaki ni rangi ya vumbi. Mgeni akiuliza "mbona buluu?", hapo tarihi imeanza kusimuliwa bila mimi kufungua daftari.

Sasa nije kwenye jambo lililonigombanisha na binamu yangu likizo nzima ya Agosti. Ile dola ya binadamu si dola njema. Wenyewe wameitunga hivyo: Kaizari wake amekaa katika kiti cha dhahabu miaka 10,000, si mzima si maiti, na kila siku roho elfu hutolewa kafara ili aendelee kuwapo. Mnamo Novemba 2021 kampuni ilitoa taarifa kuwakumbusha wachezaji kwamba dola hiyo ni kejeli, si kielelezo, baada ya mtu mmoja kujitokeza katika mashindano huko Uhispania amevaa alama za Wanazi. Kwa hiyo swali ni hili: jeshi langu linatumikia dola mbovu. Je, linajua?

Nilitaka katika tarihi yangu kuwe na sayari moja kavu kama Mtungi, iliyokataa kulipa kodi mwaka wa ukame, na Rejimenti ya Tisa ikatumwa "kuituliza". Neno hilo nililichagua kusudi. Sisi nchi yetu ilitulizwa vivyo hivyo, na vitabu vya wageni viliandika neno lilo hilo bila haya. Tena ukitaka kujua jinsi dola inavyochukua watu kama kodi, nenda Kariokor hapo Nairobi, uulize jina lilitoka wapi. Lilitoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa Kiafrika waliochukuliwa na Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918 kubeba mizigo ya jeshi, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Nikiandika habari za merikebu za angani zinazobeba vijana wa Mtungi, siwezi kujifanya sijui hayo.

Binamu akasema, "Wacha siasa bwana, ni mchezo. Walienda wakapiga, wakashinda, kwisha." Mimi nikamwambia wangekataa. Naye akanishika pabaya: wakikataa wamekuwa waasi, nami siwezi tena kuwachezesha kama askari wa dola. Tena kikosini kuna kamisaa, ambaye kwa kanuni kazi yake ni kumpiga risasi anayegeuka nyuma. Tulibishana mpaka mjomba akatoka chumbani kuuliza ni nani amekufa.

Tulipofikia ni hapa. Walienda. Walitii. Visima vitatu vya sayari ile vikafukiwa. Usiku ule robo ya rejimenti ikamwaga maji ya vichupa vyao juu ya visima vilivyofukiwa, na tangu hapo jina la sayari ile haliandikwi katika daftari la kikosi, pana pengo tu, ukubwa wa neno moja. Nimechukua vinyago kumi nikafuta buluu viunoni na kupaka kahawia. Ndio Kikosi cha Vichupa Vitupu. Hawaimbi na wenzao, na wa kwanza kutumwa mbele ni wao. Hiyo ndiyo sindano ya shaba ya jeshi langu, maana siku moja hao kumi watapewa amri nyingine kama ile.

Kuhusu lugha nitasema machache. Usiliite jeshi lako Simba wa Chuma wala Moto wa Kifo, yapo mia. Liite kwa kitu kinachotumika nyumbani kwao. Na kila jeshi lipe ulimi wake. Tarihi yangu nimeiandika kwa Kiswahili cha daftari la serikali, kikavu, tarehe na idadi ya waliokufa, kwa kuwa dola ndiyo inayoandika. Ya binamu yangu imeandikwa kana kwamba Ork mwenyewe anasema, na jamani, utavunjika mbavu! Orks huamini kwamba gari lililopakwa rangi nyekundu hukimbia zaidi, na kweli hukimbia kwa sababu wao wameamini. Basi binamu kawapa usemi wa makanga: "Songa songa, nyekundu ndiyo mbio, ya kijani teremka utembee!" Mtu asiyejua hata kanuni moja ya mchezo anasoma na anataka kuendelea.

Kazi haiishi mezani kukishaandaliwa. Kila pambano huongeza mstari, na si wewe unayeuchagua, ni dadu. Nina sajini mmoja aliyetoka katika sanduku bila mkono wa kushoto. Nikampa kisa cha kuupoteza kisimani. Vinyago vilipopungua, maana kusema kweli ni ghali, tulijaza nafasi kwa vifuniko vya soda vyenye namba, na hata hivyo vikaandikwa daftarini kama "makuruta, majina hayajafika".

Pambano la mwisho kabla shule hazijafunguliwa lilikuwa la daraja. Nilituma Vichupa Vitupu mbele, kama ilivyo desturi yao mbaya. Kwa hesabu niliyokueleza walipaswa kwisha raundi ya kwanza. Dadu likaonyesha sita, sita, tano, tena sita. Walishikilia daraja raundi tatu. Raundi ya nne akabaki sajini wa mkono mmoja peke yake, na kamisaa hatua sita nyuma yake, na Orks wakarudi ng'ambo. Binamu ameniandikia barua akiuliza maswali mawili: je, wenzake sasa watamruhusu kuimba nao, na kile kichupa chake nikipake buluu au kibaki kahawia? Rangi ninayo, brashi ninayo. Bado sijampaka.