Mota kubwa peke yake haipandishi mlima

Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia ombi la fedha za kubadilisha mota ya kigari cha umeme. Tunasema juu ya vigari vya aina ya viwanja vya gofu, pamoja na vile vya magurudumu matatu vyenye karai nyuma, ambavyo vinaweza kubeba dawa, magunia, wazee na akina mama wajawazito. Kwa kawaida ombi huwa fupi: mota ni dhaifu, tunaomba iliyo kubwa zaidi. Fedha za namna hiyo zinaweza kupotea bure, na mgonjwa akabaki njiani vilevile.

Tukumbuke kigari cha gofu kilitengenezewa kazi gani. Kampuni ya E-Z-GO ya Augusta, Marekani, ilianza kuvitengeneza mwaka 1954 kwa ajili ya watu wawili na mifuko yao ya magongo, juu ya nyasi zilizokatwa, kwa mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa. Sasa kilete Runzewe, wilayani Bukombe. (Wafadhili wa zamani mtaikumbuka kama sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, tangu mwaka 2012 iko Mkoa wa Geita.) Barabara kuu ya lami itokayo Kahama kwenda Lusahunga inapita hapo, na malori ya Rwanda na Burundi hayana subira. Ukiiacha lami unakutana na vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kigari na betri zake, dereva, abiria wawili na mzigo kidogo vinafika kilo 700. Kwenye njia tambarare ya changarawe, kwa kilomita 20 kwa saa, mota ya volti 48 itavuta kama ampea 25 tu. Kikifika kwenye mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, tena udongo ni laini, itavuta kama ampea 75 hata dereva akipunguza mwendo hadi kilomita 10. Akitaka kupanda kwa kilomita 20, ni ampea 150. Na joto la waya haliongezeki sawasawa na umeme: umeme ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Ndiyo maana mota huungua mlimani na si bondeni.

Hivyo basi, swali la kwanza si mota ina wati ngapi, bali ina nguvu kiasi gani ya kuzungusha gurudumu ikiwa katika mwendo mdogo. Mota iliyosukwa kwa ajili ya kasi inaweza kuwa na wati nyingi kwenye karatasi na bado ikashindwa kuondoa mzigo mlimani.

Swali la pili ni nani atailisha mota hiyo. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye waya, kisha kwenye kontrola, yaani kifaa kinachopima umeme uingiao kwenye mota. Kontrola ikiwa ya ampea 100, mota kubwa haitapata zaidi ya hapo hata ingeweza kutumia 300. Betri za asidi nazo zikivutwa kwa nguvu hutoa chaji pungufu, na zikizoea kumalizwa zaidi ya nusu hufa mapema. Kampuni ya Opibus ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2017 na tangu 2022 inaitwa Roam, ilipoondoa injini za dizeli kwenye Land Cruiser za watalii haikuweka mota tu. Iliweka mota, kontrola na betri vinavyolingana. Kanuni hiyo inafaa hata kwa kigari kidogo.

Kuhusu aina, mota za zamani zenye kaboni, ambazo koili zake zote zimeunganishwa kwa mfululizo, huondoa mzigo vizuri sana. Ubaya wake ni kwamba vumbi hula kaboni, na mara nyingi hazirudishi umeme kwenye betri wakati wa kuteremka. Mota zisizo na kaboni huvumilia vumbi na hupoteza umeme kidogo, lakini lazima zipate kontrola ya aina yake. Kwa mazingira ya Runzewe sisi tunapendelea zisizo na kaboni, mradi kontrola imefungwa isiingie maji na kipuri chake kinapatikana bila kuagiza ng'ambo. Kipuri kisipopatikana, afadhali mota ya kaboni ambayo fundi wa karibu anaielewa.

Kabla ya yote hayo, tazameni magurudumu. Ukiweka tairi la kipenyo cha sentimita 56 badala ya 46 ili kushinda tope, nguvu ya kusukuma hupungua kwa karibu moja ya tano. Kuna kigari kitakachopona kwa kurudishiwa tairi zake za awali, bila kununua mota yoyote.

Aidha, wapo wanaotaka mota ya kasi ili kigari kiende na magari barabarani. Hatuungi mkono jambo hilo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa mara nne, na breki hizo zilitengenezewa nyasi. Mama mjamzito apelekwe kituo cha afya taratibu kwa njia za ndani, na kwenye lami litafutwe gari.

Kamati itakayoomba ituandikie uzito wa mzigo wa kawaida, mwinuko mkali kuliko wote katika njia yake (fundi anaweza kuupima kwa kamba na pima maji), kilomita za kila siku, volti na umri wa betri, ampea zilizoandikwa kwenye kontrola, na kipenyo cha tairi. Ombi la mota lije pamoja na bei ya kontrola, waya mnene na fyuzi, na kama betri zimezeeka, bei ya betri pia.