Miwani si cheti cha akili

Shuleni kwetu, mtoto akija na miwani tu alikuwa "profesa". Hajajibu swali hata moja, cheo kashapewa. Niliona ni utani wa watoto, kumbe wanasayansi nao wamelipima jambo hilo.

Mwaka 2004 watafiti wa Singapore walichapisha matokeo ya watoto 1,204 wa asili ya Kichina, wenye umri wa miaka 10 hadi 12. Waliwapima macho, kisha wakawapa mafumbo ya michoro yasiyohitaji kusoma neno lolote. Waliofumbua mengi ndio waliokuwa wengi pia kwenye kundi la wasioona mbali, hata idadi ya vitabu wanavyosoma ilipozingatiwa.

Basi profesa ni profesa kweli? Taratibu. Mwaka 2008 walilinganishwa watoto wa Kichina wa miaka 6 na 7 wanaokaa Singapore na wenzao wa Sydney, Australia. Singapore, 29 katika kila 100 hawakuona mbali. Sydney, 3 tu. Na wa Sydney ndio waliosoma vitabu vingi zaidi! Ila wao walishinda nje karibu saa 14 kwa wiki, wenzao saa 3. Jicho la asiyeona mbali huwa limerefuka kwenda nyuma kupita kawaida, na inaaminika mwanga mkali wa mchana hulizuia lisirefuke. Sijaona bado mtu aliyesema jua hupunguza akili.

Uingereza nako, uchunguzi wa vinasaba vya watu zaidi ya 67,000 uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba miaka mingi ya shule ndiyo inayochangia mtu kutoona mbali. Macho mabovu hayamfanyi mtu asome zaidi.

Namkumbuka mwenzangu wa darasa la tano, aliyewekwa dawati la nyuma kwa sababu ya urefu wake. Ubaoni 3 yeye aliiona 8. Alikokotoa vizuri kabisa, ila hesabu zisizokuwapo ubaoni, na fimbo akala. Huyo hakuna aliyemwita profesa, maana miwani hakuwa nayo.

Mwalimu, ukimwona mtoto anakunja uso kutazama ubao, au kila mara anachungulia daftari la jirani, msogeze mbele kwanza. Halafu mwite mzazi, mtoto akapimwe macho.