Buibui wa Ukutani Alivyopata Jina

Mama mkwe aliposhuka basi kutoka Musoma kuja kumtazama mjukuu wake, hazikupita siku mbili kabla hajamwona buibui. Alikuwa ukutani, juu ya kitanda cha mtoto, wa rangi ya kijivu, na urefu wake hauzidi sentimita moja. Siku hizo mtoto alikuwa na kivimbe chekundu mkononi. Zahanati walikwisha kukitazama na kutupa dawa ya kupaka, nacho kilikuwa kikinywea. Lakini kwa bibi yake mkosaji alikuwa amekwisha patikana.

"Mwanangu, nunua sumu ya wadudu," aliniambia, "tuipulize nyumba nzima."

Jirani yetu, mzee wa Kilwa, alijaribu kumtetea buibui kwa kile kisa cha pangoni ambacho wazee wa Pwani huwasimulia watoto. Mama mkwe alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba yule wa pangoni alikaa mlangoni, na huyu amekaa juu ya mtoto.

Ndugu msomaji, wewe uliyeolewa wajua kwamba mkazamwana habishani na mkwewe. Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Lakini moyo wangu haukukubali mtoto wa miezi minne alale katika chumba kilichopulizwa sumu kila pembe, ilhali hata hatujui tunamuua nani. Nikachukua kamera yangu ya kazini, nikampiga picha buibui yule, nikampelekea mtaalamu wa wadudu ninayefahamiana naye. Jibu lilikuja jioni: "Hiki ni kidonge cha vumbi chenye miguu. Nipe macho, nikupe jina."

Nilitahayari. Kwa miaka kadhaa nimepiga picha za mikutano, harusi na michezo ya mpira, na sikupata kuambiwa kwamba picha yangu haina macho.

Kumbe macho ya buibui ndiyo kitambulisho chake. Buibui walio wengi wana macho manane, na mpangilio wake hutofautiana ukoo na ukoo. Buibui warukaji wana macho mawili makubwa mbele, mfano wa taa za gari, na madogo yamezunguka kichwa. Wale wawindaji wa ardhini wana manne madogo katika safu ya chini, mawili makubwa juu yake, na mawili mengine nyuma zaidi. Wako na wenye macho sita tu, yaliyopangwa mawili mawili, na miongoni mwa hao wamo wenye sumu ya kuhofiwa. Basi picha ya mgongo, hata iwe nzuri namna gani, humwacha mtaalamu gizani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo hilo: nilimpiga buibui kama mtu anayemtazama kuku uani, kutoka juu. Yafaa kamera ishuke hadi usawa wa uso wake. Kwa aliye ukutani, maana yake ni kuiegemeza kamera kwenye ukuta wenyewe, shavu lako likigusa chokaa, na kumngojea. Buibui mrukaji hana haja ya kubembelezwa. Ukimkaribia polepole, mwenyewe hugeuka kukukabili, kwa kuwa naye anataka kujua wewe ni nani.

Kosa la pili lilikuwa la lenzi. Lenzi za kukuzia vitu vidogo ni ghali, lakini nilikuwa na lenzi ya zamani ya milimita 50, ya enzi za filamu, yenye pete ya kubana tundu kwa mkono. Kwa pete nyingine ya chuma, isiyo ya gharama kubwa, lenzi hiyo hufungwa kinyumenyume, mbele ikawa nyuma. Ikifungwa hivyo huweza kusogea karibu sana, na sura ya buibui inayoingia kamerani hukaribia ukubwa wake halisi. Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza. Katika ukubwa huo, tundu la lenzi likiwa nambari 8, sehemu inayotoka bayana ina kina cha milimita moja hivi. Iliyo mbele yake ni ukungu, na iliyo nyuma yake ni ukungu. Ukipumua tu, macho yametoka katika milimita hiyo na nywele za miguu zimeingia. Nilijaribu kulibana tundu hadi nambari 16. Kina kiliongezeka, lakini picha nzima ikapoa makali, kwani mwanga hutawanyika unapopita katika kitundu kidogo mno. Nikarudi kati ya 8 na 11, nikabaki hapo.

Wala usihangaike kuzungusha lenzi. Iache ilivyo, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma, kiwiko kimeegemea ukuta, huku ukipiga picha mfululizo. Katika picha thelathini nilipata mbili. Wapo wanaopiga picha nyingi za buibui aliyetulia, kila moja ikiwa imesogea kidogo, wakaziunganisha kwa kompyuta ili mwili wote uwe bayana. Ni kazi nzuri, lakini inamtaka buibui asiyetikisika, na wengine humtia kwenye jokofu ili agande. Mimi sioni sababu ya kumtesa kiumbe kwa ajili ya picha. Alfajiri, kabla jua halijapasha ukuta, yeye mwenyewe huwa mzito wa kutembea.

Lililonichelewesha kuliko yote ni mwanga. Tundu likibanwa, mwanga wa chumbani hautoshi, ikabidi kutumia flashi. Flashi ikipunguzwa nguvu huwaka kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hata mkono ukitetemeka picha haionyeshi. Lakini ikiachwa wazi huunguza sura: nywele zote zilitoka nyeupe, na katika kila jicho pakawa na doa kali kama msumari. Nilikata kipande cha chombo cheupe cha maziwa ya mgando, nikakipinda mbele ya flashi, karibu kabisa na buibui. Kwa kiumbe mdogo kama yeye, kipande hicho ni sawa na dirisha zima. Mwanga ukatua taratibu, rangi ya kijivu ikagawanyika, nikaona michirizi myeusi ubavuni ambayo sikujua kama ipo.

Jibu lilikuja asubuhi. Ni buibui mrukaji, Menemerus bivittatus, anayeishi kwenye kuta za nyumba katika nchi nyingi za joto na kuwinda inzi na wadudu wengine wadogo. Hana madhara kwa mtoto. Mtaalamu akaongeza habari ya ndugu yake mmoja, Evarcha culicivora, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 2003. Huyo huishi kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa humpenda zaidi mbu aliyekwisha kunywa damu.

Nilimpelekea mama mkwe picha, nikamweleza na habari za ndugu huyo wa ziwani. Aliishika mbali, kisha karibu, akayahesabu macho kwa kidole.

"Huyu mwacheni," alisema hatimaye. "Lakini yule wa bafuni, mwanangu, macho yake sijayaona."

Usiku huo nilichukua kamera, nikaenda bafuni.